Mpako wa matofali ya tanuru ya vyungu: unalipa au unakula pesa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mwenye karakana ndogo ya ufinyanzi, mwenye tanuru ya matofali ya moto inayotumia gesi, kuni au umeme, na anayechoma kati ya nyuzi 1000 na 1280 za Selsiasi. Wafinyanzi wa Kikisi kule Ziwa Nyasa wanaochoma vyungu uwanjani chini ya rundo la kuni hawana tofali la kulinda. Wewe uliyenunua matofali kwa pesa nyingi una kila sababu ya kuuliza.

Mpako ni nini hasa, na unazuia nini?

Ni ngozi nyembamba ya unga usioyeyuka kwa joto la tanuru ya vyungu: kaolini (udongo mweupe), alumina (oksaidi ya alumini) au zirkoni (madini mazito ya mchangani). Hukorogwa na maji na kupakwa upande wa tofali unaotazama moto. Kazi yake kubwa ni kusimama kati ya tofali na viyeyushi, yaani majivu ya kuni, mvuke wa chumvi au magadi yanayotiwa motoni ili kung'arisha vyungu, na matone ya glezi (mpako wa kioo unaopakwa chungu). Vitu hivi vina sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na vikikutana na silika (madini ya mchanga) iliyo ndani ya tofali huigeuza kioo. Kioo hicho hupanuka na kusinyaa tofauti na tofali lenyewe, kwa hiyo tanuru ikipoa ngozi ya tofali hubanduka vipande vipande. Mchomo unaofuata hukuta ngozi mpya na kuanza kuila.

Mpako hauongezi daraja la tofali, yaani joto linaloweza kuhimili. Tofali jekundu la kujengea nyumba likianza kulainika kwenye nyuzi 1100, litalainika vilevile hata ukilipaka zirkoni ya bei ghali. Hauzuii pia nyufa zinazotokana na kupasha haraka mno, wala haushikilii ukuta ulioanza kuinama.

Nitajuaje kama tanuru yangu inahitaji mpako?

Ingia ndani na tochi tanuru ikiwa baridi, na usiupake ukuta wowote kabla ya kuona ni wapi unaliwa. Kwenye tanuru ya gesi tazama matofali yaliyo mbele ya bana (kichomeo cha gesi) na ukuta mfupi unaokinga vyungu na mwali. Kwenye tanuru ya kuni tazama chumba cha moto na kimo cha tofali tatu au nne juu yake, maana huko ndiko majivu yanakotua kwanza. Gusa kwa kidole. Tofali linalong'aa limeanza kuwa kioo. Linalotoa unga limechoka. Lenye vishimo vyenye rangi ya glezi limetonewa na chungu kilichopakwa glezi nzito.

Kuta zikiwa kavu, zenye rangi ileile na zisizotoa unga baada ya michomo 30, ziache zilivyo.

Matofali mazito na matofali mepesi: yapi yapakwe?

Tofali la kawaida lina milimita 230 kwa 114 kwa 64. Lile zito huwa na uzito wa kilo 3.5 hivi, na jepesi lenye matundu ya hewa ni kati ya kilo 0.9 na 1.3 kulingana na daraja. Daraja la 23 limekadiriwa kuhimili nyuzi 1260, la 26 nyuzi 1430 hivi, na la 28 nyuzi 1540 hivi.

Jepesi ndilo linalohitaji ulinzi zaidi, kwa sababu mvuke na majivu huingia kwenye matundu yake na kulila kwa ndani. Lakini ndilo pia linaloumizwa na mpako mbaya. Mpako mnene ukibanduka hautoki peke yake, huondoka na ngozi ya tofali, na unabaki na shimo ambalo halikuwepo. Zito hustahimili makosa. Likipakwa vibaya, unakwangua kwa patasi na kuanza upya.

Kama unachoma kwa chumvi au magadi, usijenge upande wa moto kwa tofali jepesi ukitegemea kuliokoa kwa mpako. Mvuke wa sodiamu hulimaliza kwa michomo michache tu.

Nitapigaje hesabu ya gharama?

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya kopo la mpako na bei ya tofali. Kinacholinganishwa ni gharama kwa mchomo mmoja: vifaa, mkono wa fundi na siku tanuru iliposimama, vyote vigawanywe kwa idadi ya michomo hadi kazi ile irudiwe.

Chukua tanuru yenye nafasi ya ndani ya mita 1 kwa 1 kwa 1. Kuta nne pamoja na mlango ni mita za mraba 4, dari ni 1, jumla 5. Tofali likilazwa kwa ubavu wa 230 kwa 64 kuelekea moto, mita moja ya mraba hula matofali 68, kwa hiyo upande wa moto una matofali 340. Bei zinazofuata ni za mfano tu, ili njia ya hesabu ionekane. Weka za kwako mahali pake. Tofali jepesi shilingi 9,000. Fundi shilingi 40,000 kwa siku. Mchanganyiko wa kujitengenezea shilingi 6,000 kwa kilo. Kopo la kiwandani lenye zirkoni, la kupaka mita za mraba 2.5, shilingi 450,000.

Tuseme bila mpako wowote, matofali 30 yaliyo mbele ya bana hufa kila baada ya michomo 60. Matofali ni 270,000, fundi siku tatu ni 120,000, jumla 390,000. Kila mchomo umebeba shilingi 6,500.

Sasa upake tanuru nzima kwa mchanganyiko wako. Kilo 5 ni 30,000, fundi siku mbili ni 80,000, jumla 110,000. Ukirudia kila michomo 20, mpako peke yake ni shilingi 5,500 kwa mchomo. Hata ukirefusha maisha ya yale matofali 30 mara mbili, hadi michomo 120, bado utalipa 3,250 za matofali na 5,500 za mpako, yaani 8,750. Umepata hasara ya 2,250 kwa kila mchomo, na matofali 310 uliyoyapaka hayakuwa na ugonjwa.

Paka yale 30 peke yake. Eneo lake ni mita za mraba 0.44. Nusu kilo ya mchanganyiko ni 3,000, nusu siku ya fundi ni 20,000, jumla 23,000, ambayo kwa michomo 20 ni 1,150. Ongeza 3,250 za matofali: 4,400 kwa mchomo. Hapa umeokoa 2,100.

Faida iko kwenye kuchagua mahali pa kupaka kuliko kwenye kuchagua kopo.

Mpako wa kiwandani haudumu zaidi?

Mara nyingi hudumu zaidi, hasa wenye zirkoni, kwa kuwa zirkoni haikubali kirahisi kuyeyushwa na glezi. Swali ni kama unadumu kiasi cha kulipia bei yake. Kwa mfano uleule, tanuru nzima itahitaji makopo mawili: 900,000 na fundi 80,000, jumla 980,000. Ili ulingane na 5,500 za mchanganyiko wa nyumbani, lazima ukae michomo 178 bila kuguswa. Ukichoma mara mbili kwa mwezi, hiyo ni miaka saba na zaidi.

Ukitumia kopo kwa yale matofali 30 tu, sehemu ya kopo ni kama 79,000 na fundi 20,000, yaani 99,000. Ikidumu michomo 60 ni 1,650 kwa mchomo, na ukijumlisha matofali unafika 4,900. Si mbaya. Tatizo ni kopo lililobaki. Likikauka rafuni umelipa 450,000 yote kwa mita 0.44, na hesabu inavunjika: 470,000 kwa michomo 60 ni zaidi ya 7,800 kabla hata ya kuhesabu matofali. Wafinyanzi wawili au watatu wa jirani wakigawana kopo siku moja, bei hiyo inabebeka.

Kabla ya kununua, soma kwenye kopo eneo linalopakwa na idadi ya mikono, yaani mara ngapi unapaka. Eneo linaloandikwa mara nyingi ni la mkono mmoja mwembamba, na tofali jepesi hunywa zaidi.

Wauzaji wanasema mpako unapunguza gesi. Ni kweli?

Upo ukweli ndani yake, lakini mdogo kuliko tangazo. Joto linalopotea ukutani hutegemea zaidi unene wa ukuta na uwezo wa tofali kuzuia joto. Ngozi ya nusu milimita haibadilishi sana jambo hilo. Inachoweza kufanya ni kuziba matundu ili gesi moto isipenye ndani ya tofali, na kubadilisha kidogo namna uso wa ukuta unavyorudisha joto kwenye vyungu. Mlango usiofunga vizuri, au mwanya wa milimita 5 kuzunguka dari, hupoteza joto ambalo mpako hauwezi kulirudisha. Ziba hayo kwanza.

Ukitaka uhakika, pima mtungi wa gesi kwa mizani kabla na baada ya michomo mitatu bila mpako, kisha michomo mitatu baada ya kupaka. Shehena iwe ileile, koni (kipimo cha joto kinachopinda tanuru ikifika) ileile, na ratiba ileile ya kupandisha joto. Usiuhesabu mchomo wa kwanza baada ya kupaka, kwa sababu gesi nyingi hutumika kukausha maji.

Nichanganye nini mwenyewe?

Kwa ukuta wa gesi au kuni, mchanganyiko huu unafaa, kwa uzito:

- alumina iliyochomwa, sehemu 50
- kaolini iliyochomwa, sehemu 25
- kaolini mbichi, sehemu 25

Kaolini mbichi ndiyo gundi. Bila hiyo mpako huwa kama vumbi la chaki. Ikizidi, mpako husinyaa, unapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na kubanduka. Ndiyo maana nusu yake inachomwa kwanza: iweke kwenye bakuli la biski (lililochomwa mara ya kwanza, bila glezi) na uichome pamoja na mzigo wa biski hadi nyuzi 1000. Hupoteza takriban asilimia 13 ya uzito, kwa hiyo ukihitaji gramu 250 zilizochomwa anza na gramu 290 mbichi.

Kilo moja ya mchanganyiko mkavu inatosha mita ya mraba moja na zaidi kidogo ukiwa na mkono mwepesi. Hesabu kilo 0.75 kwa kila mita ya mraba, mikono miwili, kisha ongeza kidogo kwa kinachobaki ndooni na kwenye brashi.

Mahali panapopigwa zaidi na majivu, tumia zirkoni sehemu 97 na bentonaiti (udongo unaonata sana) sehemu 3. Changanya bentonaiti kavu na zirkoni kavu kwanza, ndipo utie maji, la sivyo bentonaiti hujikunja madonge. Zirkoni ni nzito na huzama haraka. Koroga kila unapochovya brashi.

Kaolini ya Pugu inafaa?

Inafaa ikioshwa. Kaolini ya milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, hupatikana ndani ya jiwe la mchanga, na mchanga huo ni kwatzi, yaani silika. Kwatzi hupanuka ghafla ikipita nyuzi 573 na kuachanisha mpako na tofali. Penye majivu au magadi ndiyo ya kwanza kugeuka glezi. Kama umepata ya mgodini isiyosafishwa, koroga sehemu moja kwenye ndoo yenye maji sehemu kumi, subiri dakika mbili, kisha mimina maji meupe ya juu kwenye ndoo nyingine na kuacha mchanga chini. Rudia mara mbili. Acha yatulie siku mbili tatu, ondoa maji safi ya juu, kausha tope juani. Tafuna chembe ndogo kwa meno ya mbele: ikikwaruza, osha tena.

Alumina ndiyo ngumu kupatikana, kwani huagizwa. Ukikosa kabisa, kaolini peke yake, robo tatu imechomwa na robo mbichi, ni mpako halali kwa tanuru ya gesi isiyozidi nyuzi 1200. Usiutumie kwenye chumba cha kuni.

Naweza kutumia saruji, chokaa au majivu?

Hapana kwa vyote vitatu. Saruji ya kawaida hupoteza nguvu maji yaliyofungwa ndani yake yanapotoka kati ya nyuzi 300 na 600, na chokaa iliyomo huwa kiyeyushi juu ya nyuzi 1150 ikikutana na udongo. Chokaa vivyo hivyo. Majivu ndiyo adui mwenyewe. Kuyapaka ukutani ni kumkaribisha ndani. Chumvi inayotiwa kwenye udongo wa majiko ya mkaa nayo isiingie hapa.

Hatua za kupaka ni zipi?

1. Kwangua kioo na unga kwa patasi na brashi ya waya hadi ufike tofali gumu. Kwenye tofali jepesi tumia mkono laini, linachimbika kwa ukucha.
2. Ondoa vumbi lote kwa brashi laini au mashine ya kufyonza. Mpako uliopakwa juu ya vumbi umeshika vumbi, haujashika tofali.
3. Ziba mashimo kwa makombo ya tofali jepesi yaliyosagwa, yachanganywe na mpako hadi yawe kama ugali mlaini. Acha yakauke.
4. Lowesha tofali kwa sponji. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Tofali kavu hufyonza maji ya mpako mara moja, unga unabaki juu bila kushika.
5. Mkono wa kwanza uwe kama maziwa: lita 1 ya maji kwa kilo 1 ya unga. Sugua brashi iingie matunduni.
6. Mkono wa pili uwe kama uji mwepesi: lita 0.8 kwa kilo 1. Paka mara ule wa kwanza unapopoteza mng'ao wa maji, kabla haujakauka kabisa.
7. Unene wote usizidi milimita 1. Nusu milimita ni bora.
8. Acha siku mbili mlango ukiwa wazi. Kisha pandisha nyuzi 60 kwa saa hadi 120 na ukae hapo saa mbili, halafu nyuzi 100 kwa saa hadi 600. Baada ya hapo endelea kama kawaida. Uwe mchomo wa biski, usiwe wa glezi.

Mpako umebanduka baada ya michomo miwili. Nimekosea wapi?

Tazama kipande kilichoanguka. Kikiwa na vumbi mgongoni, ukuta haukusafishwa au haukuloweshwa. Kikiwa na nyufa za mraba mraba, kaolini mbichi imezidi au umepaka mnene. Kikiwa na ngozi ya tofali mgongoni, mpako ulikuwa mnene au mgumu kuliko tofali. Punguza unene, na kama ulitia sodiamu silikati (gundi ya maji ya kioo) ili ushike zaidi, iache. Kikiwa na malengelenge, ulipasha haraka na mvuke ukautoboa. Kikiwa kinang'aa kama kioo, kuna silika nyingi kwenye mchanganyiko, au mahali hapo panataka zirkoni.

Kwa kuzuia gharama ya kurudia, jaribu kwanza. Paka matofali matatu mabovu kwa michanganyiko mitatu, yaweke karibu na bana, yachome mara tatu. Hiyo ni gharama ya gramu chache za unga.

Dari nayo ipakwe?

Kwa maoni yetu, hapana, isipokuwa dari yenyewe imeanza kudondosha. Mpako wa dari ukichakaa huanguka juu ya vyungu vyenye glezi na kuacha punje nyeupe zisizotoka. Mzigo mmoja wa glezi ulioharibika unaweza kugharimu zaidi ya matofali yote ya dari. Dari inayodondosha makombo ni afadhali ivunjwe sehemu mbovu na kujengwa upya.

Ninachoma kwa chumvi au magadi. Kuna tofauti gani?

Kubwa. Mvuke wa sodiamu unafika kila mahali, hivyo hapa hakuna kuchagua matofali 30. Magadi yanayovunwa Ziwa Magadi na Ziwa Natron yana sodiamu hiyohiyo, iwe umetumia yale mabichi ya kupikia au yaliyosafishwa. Jenga upande wa moto kwa tofali zito lenye alumina nyingi, kisha paka alumina sehemu 75 hadi 80 na kaolini 20 hadi 25. Usitie mchanga wala udongo wa kawaida. Kaolini yenyewe ina silika karibu nusu ya uzito wake, ndiyo maana inapunguzwa. Hapa mpako unalipa karibu kila mara, na hurudiwa mara kwa mara. Ukiona rafu na nguzo za kupangia vyungu zinashikana na vyungu, ukuta nao unahitaji mkono mpya.

Na tanuru ya umeme?

Ukuta usipakwe. Hakuna majivu wala mwali, na hatari ni kwa koili (nyaya zinazotoa joto): unga unaoangukia koili huharibu ngozi yake ya oksaidi, na sodiamu silikati ni mbaya zaidi. Koili huungua mahali hapo, na seti moja ya koili ni ghali kuliko mpako wowote. Paka rafu tu, upande wa juu, nje ya tanuru, na ufute kingo sentimita moja ili unga usimwagike. Glezi ikidondoka kwenye tofali karibu na koili, ichimbe yote na uzibe kwa kipande cha tofali jepesi.

Tahadhari za afya?

Vumbi la tofali la zamani lina silika, na silika hukaa mapafuni maisha yote. Vaa barakoa ya daraja la N95 au P2 unapokwangua, kitambaa hakitoshi. Vumbi la zirkoni nalo lina mionzi kidogo ya asili, kwa hiyo lichanganywe kwa maji mapema na lisifagiliwe kavu. Fyonza au futa kwa kitambaa chenye maji. Kama tanuru ina blanketi la nyuzi za seramiki, usiliguse mikono mitupu, na usilikwangue ili kupaka. Lirushie kwanza manyunyu laini ya maji kwa bomba la kunyunyizia dawa, kisha mpako mwembamba sana wa mkono mmoja.

Ni lini niache kupaka na kubadilisha tofali?

Tofali likiliwa zaidi ya theluthi moja ya kina chake, au likitikisika kwa mkono, libadilishe. Tofali jepesi la milimita 114 lililobaki 70 linapitisha joto zaidi, na ganda la nje la tanuru litakuambia: mahali hapo litakuwa la moto zaidi. Matofali ya zamani yasitupwe; yaliyo mazima upande wa pili geuza, na mabovu saga kwa ajili ya kuziba mashimo. Unapojenga sehemu mpya mbele ya bana, acha tofali hizo zikae bila udongo wa kuungia, ziingizwe kavu, ili mara nyingine fundi azitoe kwa saa mbili badala ya siku tatu.